Deni si buloko: tukae na wenye kutudai kwenye meza moja

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, hapa Bunia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Kamati yenu ilituomba tuzungumze juu ya madeni na watu wanaokuja kuyadai. Hatukushangaa. Sisi wafanyakazi wa shirika tunaozunguka kati ya Bunia na vijiji vya Djugu na Irumu, tunasikia neno hilo kila mahali tunapokaa. Mtu aliyerudi anatuuliza kwanza juu ya mabati, mbegu na usalama wa barabara. Kisha anangoja wenzake waondoke, anasogea karibu, anasema pole pole: «Kuko mutu ananidai. Nifanye namna gani?»

Na tujue jambo moja mbele ya kuanza. Katika ukumbi huu hatuko na wenye deni peke yao. Kuko pia wenye kudai. Kuko mjane aliyetoa franga zake za mwisho kumsaidia jirani, na mpaka leo anangoja. Kwa hiyo hatukuja kufundisha watu namna ya kukwepa. Tumekuja kusema hivi: deni usiloweza kulipa halikupeleki buloko, lakini pia halifi kwa sababu umekimbia. Njia yake ni kulileta mezani, pamoja na madeni mengine yote, mbele ya mashahidi, mapema.

Madeni yetu yametoka wapi

Wengi wenu mlikimbia kuanzia Desemba 2017 na miezi ya kwanza ya 2018, vita ilipowaka tena Djugu. Wengine mlivuka Ziwa Albert mpaka Uganda, mkafika Kyangwali. Wengine mlikaa hapa Bunia, kwenye site ama katika nyumba za ndugu, watu kumi katika chumba kimoja. Mliporudi mlikuta nini? Nyumba bila paa, shamba limekuwa pori, ng'ombe hakuna, soko limeungua.

Sasa mtu anaanza na nini? Maharagi yanataka miezi mitatu shambani, muhogo unataka mwaka na zaidi. Tumbo halingoji mavuno, na masomo ya watoto hayangoji pia. Njo maana mtu anakopa: jembe, mbegu, minerval, dawa za mtoto, safari ya kwenda kuangalia kama parcelle yake ingali yake. Deni la mtu aliyerudi, mara nyingi si deni la anasa. Tuseme hilo wazi, juu haya ndiyo inayofanya watu wafiche, na kuficha ndiko kunakoharibu.

Tunakopa kwa nani? Kwa ndugu. Kwa mwenye duka anayetoa bidhaa mbele ya franga. Katika AVEC na likelemba. Katika coopec kwa wale walio na karatasi. Na pale milango hiyo yote imefungwa, tunaenda kwa yule mtu wa kartie ambaye kila mmoja anamjua, ile biashara inayoitwa Bank Lambert.

Hesabu ya Bank Lambert

Tufanye hesabu pamoja, polepole. Mtu anakopa dola 100 kwa 30 kila mwezi. Mwezi unakwisha, hana 130. Mwenye franga anamwambia: «Hapana shida, lipa ile 30, mtaji tuache.» Analipa 30. Mwezi wa pili, 30. Baada ya miezi 6 ametoa dola 180. Anadaiwa ngapi? Angali anadaiwa 100. Ametoa karibu mara mbili ya kile alichokopa, na deni halijashuka hata franga moja.

Akikosa hata ile 30, mwenye franga anaiongeza juu ya mtaji: 130, kisha 169, kisha karibu 220. Mwezi wa sita ni zaidi ya dola 480. Hakuna shamba la maharagi wala meza ya samaki inayozaa namna hiyo.

Sheria ya nchi yetu haikufumba macho. Code civil, kitabu cha tatu, article 131 bis inasema kwamba mkopeshaji akitumia shida, udhaifu ama ujinga wa mtu kumtoza interest inayopita sana ile ya kawaida, zuzi anaweza, mwenye deni akiomba, kupunguza deni lirudi kwenye mtaji na interest ya kawaida. Tena, kutoa mikopo kama kazi ya kila siku kunataka ruhusa ya Banque Centrale du Congo. Sheria ya microfinance ni ya 2011. Mwenye Bank Lambert anajua hayo. Ndiyo maana mara nyingi hapendi kwenda tribunali. Anapenda zaidi kutuma watu.

Sheria inasema nini juu ya buloko

Kitisho cha kwanza ni hiki: «Utalipa ama utalala buloko.» Watu wanaogopa, wanauza mbuzi, wanauza mabati waliyopewa, wanatoroka usiku na watoto.

Sikieni vizuri. Constitution yetu ya tarehe 18 Februari 2006, article 61, inahesabu mambo ambayo hayaguswi hata kidogo, hata nchi ikiwa katika état de siège. Kati yake kuko haki ya kuishi. Kuko katazo la mateso. Na kuko katazo la kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Hapa Ituri tuko katika état de siège tangu Mei 2021. Kuna watu wanaotuambia: «Sasa ni mambo ya askari, sheria ile imelala.» Hapana. Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya wakati kama huu.

Lakini tusikate maneno nusu. Deni ni kitu kimoja, udanganyifu ni kitu kingine. Kwenye convocation nyingi mtasoma maneno mawili: «abus de confiance» ama «escroquerie». Hayo ni makosa ya code pénal, article 95 na article 98, na mtu anaweza kufungwa kwa ajili yake. Tofauti iko wapi?

Ukikopa dola 100 ukanunua samaki, biashara ikaanguka, hilo ni deni. Franga zilikuwa zako kuzitumia, na unapaswa kuzirudisha. Lakini mtu akikupa samaki zake umuuzie, ukirudi umpe franga ama samaki, na wewe ukazila kwa makusudi, hiyo ni abus de confiance. Na ukikopa kwa jina la uongo, ama kwa karatasi ya parcelle isiyo yako, hiyo inaweza kuwa escroquerie.

Kwa hiyo wamama wanaochukua samaki za Tchomia na Kasenyi, angalieni karatasi mnayosaini. «Nimenunua kwa deni» na «nimepewa kumuuzia» si maneno mamoja. Andikeni ile ambayo ni kweli. Mkikuta karatasi imeandikwa kwa kifaransa na hamkielewi, msisaini mpaka mtu mnayemwamini aisome mbele yenu.

Na kama umekamatwa? Article 18 ya Constitution: wanapaswa kukuambia sababu, katika luga unayoelewa. Uko na haki ya kuonana mara moja na familia ama avoka. Na garde à vue haipite saa 48. Kisha waachilie ama wakupeleke mbele ya mkubwa wa sheria. Familia ihesabu zile saa kuanzia dakika ya kwanza. Ziandikwe kwenye karatasi: siku gani, saa ngapi, buloko gani. Saa 48 zikipita, waende parquet. Wakiombwa franga, waombe quittance. Barreau iko na bureau ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Hiyo ni haki, si kuomba sadaka.

Wakija kudai

Nani anakuja? Wakati mwingine mwenyewe. Wakati mwingine vijana wawili wa moto waliotumwa, ama mtu aliyevaa uniforme lakini hana karatasi ya kazi. Tunawapa mambo machache ya kushika.

Moja: usikimbie, usitukane. Mwite jirani ama nyumba kumi awe shahidi, kisha uliza maswali matatu. Nani amekutuma? Karatasi yake iko wapi? Anasema namdai ngapi, kwa hesabu gani? Mtu wa haki atajibu. Asiye na jibu, mwambie: «Mwenye franga aje mwenyewe mbele ya shefu wa kartie, nitakuwepo.»

Mbili: kuchukua vitu vya mtu kwa nguvu si kazi ya kijana wa moto wala ya polisi peke yake. Ni kazi ya huissier, akiwa na karatasi ya tribunali. Huissier haji siku ya yenga wala usiku. Na hata yeye, kuko vitu sheria inaviweka pembeni: kitanda cha familia, nguo zao, vyombo vya kazi. Fundi wa kushona hanyang'anywi mashini inayomlisha.

Tatu, na hili tunalirudilia kila mahali: usiweke kadi ya uchaguzi kama rehani. Wala kadi ya msaada, wala kadi ya banki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Mnajua wenyewe, mtu asiye na kadi ya uchaguzi anapita barrière namna gani? Atakwenda Nizi ama Fataki kuangalia shamba namna gani? Anayeshika kadi yako ameshika miguu yako, na mguu uliofungwa hauwezi kutafuta franga za kulipa.

Ine: kila franga inayotoka, iandikwe. Ukilipa mkononi, daftari na saini mbili. Ukilipa kwa simu, chunga ile message, usiifute. Tumeona madeni yaliyolipwa mara mbili kwa sababu tu hakuna mtu aliyeandika.

Tano: acte d'engagement mbele ya OPJ. Watu wanasaini ili watoke haraka: «Nitalipa yote kwa siku 15.» Wanajua hawatalipa. Siku ya 16 wanarudishwa pale pale, na sasa wameonekana waongo. Usiahidi kile usichoweza. Sema kiasi kidogo cha kweli: «Dola 6 kila mwezi.» Watakucheka, lakini ukizileta miezi minne mfululizo hawatacheka tena.

Je, hakuna faillite kwa mtu mdogo?

Vijana waliosoma wanatuuliza: «Ulaya mtu anaweza kutangaza amefilisika, madeni yakasimama. Na sisi?»

Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria zake zinafanya kazi kwetu tangu tarehe 12 Septemba 2012. Moja kati yake inahusu biashara iliyoanguka, na tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2015 inamhusu pia fundi na mkulima anayejitegemea. Lakini inataka tribunali, vitabu vya hesabu, avoka na franga za kulipia njia. Mama mwenye meza ya samaki na mtaji wa dola 150 hatafika huko. Na kwa mtu wa kawaida asiye na biashara, hatuna sheria ya faillite. Kuko msaada mwingine mdogo: mtu akishitakiwa, anaweza kumwomba zuzi muda wa kulipa kidogo kidogo, usiopita mwaka 1.

Hata hivyo, sheria ile kubwa iko na akili ambayo tunaweza kuiazima bure. Inasema mambo matatu: wenye kudai wote waandikwe, hakuna anayefichwa. Mikono yote isimame, hakuna anayenyakua peke yake. Na kile kidogo kilichopo kigawanywe kwa kipimo cha deni la kila mmoja. Hayo matatu tunaweza kuyafanya sisi wenyewe chini ya mti, na daftari moja.

Meza moja

Tuchukue mfano. Mama anadaiwa hivi: Bank Lambert dola 100, AVEC 80, mwenye duka 120, ndugu yake 60, mwenye nyumba 60. Jumla 420. Sokoni anapata faida ya karibu dola 3 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni 72. Chakula, maji, sabuni na masomo vinakula 47. Inabaki 25.

Leo anafanya nini na ile 25? Anampa yule anayepiga kelele zaidi. Mwezi huu Lambert, mwezi ujao mwenye nyumba. Wengine wanne wanakasirika, na kila mmoja anafikiri mama huyu anamdharau yeye tu. Lakini anayepiga kelele sana si lazima awe na haki kuliko wengine. Mara nyingi ndugu na AVEC ndio wanaokaa kimya, na ndio wanaopoteza.

Sasa aite wote siku moja. Mbele yao kuko watu watatu wa chama: mmoja anayejua hesabu, mmoja mzee anayeheshimiwa, na mwanamke mmoja. Mama anaonyesha daftari lake lote, hata lile deni alilomficha mume wake. Anasema: «Niko na 25 kila mwezi.» Wanagawa: Lambert 6, AVEC 5, duka 7, ndugu 3,5, nyumba 3,5. Interest inasimama. Kwa miezi 17 deni limekwisha. Lambert akikataa kusimamisha interest, anakumbushwa kwamba alishapokea 180, na kwamba kuko article 131 bis. Tunaandika, wote wanasaini, kila mmoja anabaki na kopi. Kila mwisho wa mwezi malipo yanafanywa mbele ya kamati.

Je, wote watakubali? Si kila mara. Lakini mwenye kudai ni mtu wa hesabu. Akiona wazi kwamba akimfukuza mama huyu sokoni atapata sifuri, na akingoja atapata yote, wengi wanakaa.

Deni la kabla ya kukimbia

Swali hili linatenganisha familia. Mtu alikopa magunia mwaka 2017, vita ikaja, yote yakaungua. Analipa?

Tuweke tofauti. Kama ulikopa franga ama ulinunua kwa deni, deni linabaki, hata kama bidhaa ziliungua. Lakini kwa wakati ambao vita ilikuzuia kulipa, hakuna anayeweza kukutoza fidia ya kuchelewa. Hiyo ndiyo force majeure, article 46 ya kitabu kile kile cha Code civil. Kama uliwekewa kitu cha mtu ukichunge, ng'ombe kwa mfano, na wenye silaha wakamnyang'anya, hukosi wewe, ila unapaswa kuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tafuteni mashahidi sasa, wakati wangali hai na wangali wanakumbuka. Na kama mwenye kukudai alikufa kule mlikokimbilia, watoto wake wako. Waendeeni kabla hawajasikia habari hiyo kutoka kwa mtu mwingine.

Neno kwa wenye kudai

Ninyi pia mmepoteza. Hatuombi msamehe, hiyo ni kazi ya moyo wa kila mmoja. Tunaomba tu mdai kwa njia inayoacha mtu amesimama. Katika eneo letu tunajua namna gani ugomvi wa watu wawili juu ya franga unavyogeuka kuwa ugomvi wa makabila mawili. Leo unamtuma mwenye silaha akudaie dola 50. Kesho unahitaji jirani akuambie barabara ya shamba ni salama. Atakuambia?

Wazee wetu wanasema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini kila dawa iko na kipimo. Ukimnywesha mgonjwa chupa nzima siku moja, hutaponya mtu, na ile chupa imekwisha.

Tunayowaomba

Chama chenu kiko na nguvu ya kufanya hivi bila kutungoja sisi. Tunapendekeza mambo matatu. Chagueni wale watatu wa meza, wawe watu wasiokopesha kwa interest. Nunueni daftari moja la kurasa nyingi, likae kwa katibu, lisitembee. Na kila mwanachama, kabla ya kukopa nje, apite kwanza kwa kamati kuuliza tu: «Hesabu hii inawezekana?» Siri ichungwe. Mwenye kutangaza deni la mwenzake sokoni, aondolewe kwenye meza.

Na wewe ambaye umesoma mpaka hapa na moyo unapiga kwa sababu uko na deni ambalo hujamwambia mtu: leo usiku chukua karatasi, andika majina yote na kiasi cha kila mmoja. Usiruke hata moja. Kesho umpelekee mtu mmoja unayemwamini, mkae naye, mhesabu pamoja. Kuanzia hapo hutakuwa peke yako na ile karatasi.

Sasa tuanze maswali, wamama waanze.